Spesi, Enta na mistari inayokatika ovyo: mwongozo kwa anayetaipu kazi yake mwenyewe

Msimu wa maombi ya kazi ukifika, au wanafunzi wa vyuo wanapokabidhi tafiti zao, kwenye kaunta za steshenari hapa Mwanga, Kigoma, maswali ni yale yale. "Kaka, mbona maneno yameachana hivi?" "Nyumbani zilikuwa kurasa kumi na mbili, hapa zimekuwa kumi na nne." "Anuani yangu imehama." "Ukurasa mtupu nimeufuta, umerudi." Mwenye faili anaanza kuilaumu flashi kwamba ina virusi, akimaliza hapo anahamia kwenye printa. Mara nyingi vyote viwili havina kosa. Kosa liko kwenye spesi na Enta zilizopigwa mahali ambapo hazikutakiwa.

Mwongozo huu unafuata Microsoft Word, maana ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi za mitaani. Panapotofautiana na LibreOffice Writer, programu nyingine ya kuandikia, nimesema. Majina ya menyu nimeyaacha yalivyo kwenye skrini, kwa kuwa kompyuta zetu nyingi zinazungumza Kiingereza na ukitafuta kitufe kwa jina la kutafsiriwa hutakiona.

Kabla hujaanza

- Kompyuta. Kuandika kwenye simu ni sawa kabisa, lakini kupanga na kusafisha fanyia kwenye kompyuta, iwe ya kuazima au ya kulipia.
- Nakala ya pili ya faili. Nenda Save As, lipe jina lingine, mfano "barua-safi", kisha ufanye majaribio yote kwenye hilo jipya. Lile la zamani lisiguswe.
- Masharti ya unakopeleka kazi. Kama chuo kimetoa maelekezo ya pambizo, fonti na nafasi kati ya mistari, uwe nayo mkononi.
- Utulivu. Kazi hii usiianze foleni ikiwa nyuma yako na mwenye printa anakutolea macho.

Nadharia, kidogo tu

Programu inakata mstari yenyewe. Inapanga maneno mpaka upana wa karatasi uishe, halafu inarudi nyuma kidogo kutafuta mahali inaporuhusiwa kukata. Spesi ni ruhusa: "hapa unaweza kukata." Enta ni amri: "aya imeisha." Shift pamoja na Enta ni amri ndogo: "shuka mstari, lakini aya ni ile ile."

La pili: kwenye taipureta kila herufi ilichukua upana uleule, kwa hiyo ukipiga spesi ishirini ulijua umefika wapi. Kwenye Times New Roman au Calibri, herufi "i" ni nyembamba na "m" ni pana. Mistari miwili iliyosukumwa kwa spesi idadi ileile haitasimama sawa, na hata ukibahatisha leo, kesho ukibadilisha fonti itapinda. Makarani wengi wa zamani walifundishwa kwa taipureta, nao wakatufundisha sisi. Tabia ikabaki wakati mashine imeshaondoka.

Hatua ya 1: Washa alama zilizofichwa

Bonyeza Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja. Kwenye LibreOffice ni Ctrl na F10. Anayependa kipanya abonyeze kitufe chenye alama ¶ kwenye menyu ya Home. Skrini itajaa alama za ajabu. Usiogope, hazitoki kwenye karatasi ukiprinti.

- Nukta inayoelea katikati (·) ni spesi moja.
- Mshale (→) ni Tab.
- Alama ¶ ni Enta, yaani mwisho wa aya.
- Mshale uliopinda (↵) ni Shift na Enta.
- Kiduara kidogo juu (°) ni spesi isiyokatika, tutakayoitumia Hatua ya 7. LibreOffice huionyesha kwa kivuli cha kijivu.

Sasa itazame barua yako. Ukiona nukta zimejipanga kama siafu kabla ya neno "S.L.P.", chanzo cha tatizo umeshakipata. Usizifute bado. Acha alama hizi zikiwa zimewaka mpaka umalize kazi. Anayezizima mapema anarudi kufanya kazi gizani.

Hatua ya 2: Karatasi kwanza, maneno baadaye

Nenda Layout, kisha Size, uchague A4. Kompyuta iliyowekwa kwa mipangilio ya Marekani hufungua karatasi ya Letter, ambayo ni sentimita 21.59 kwa 27.94. A4 ni sentimita 21 kwa 29.7. Tofauti unaweza kuiona ndogo, lakini inatosha kuhamisha mistari na kuongeza ukurasa, na printa nyingi hapa zimejaa A4.

Kisha Margins. Pambizo za kawaida ni sentimita 2.54 kila upande, hivyo kwenye A4 unabakiwa na upana wa sentimita 15.92 wa kuandikia. Namba hiyo ikumbuke, tutaitumia mara mbili. Kama kazi itajalidiwa na chuo kinataka pambizo kubwa zaidi kushoto, iweke sasa hivi, si siku ya kuprinti.

Ukiwa hapo hapo Layout, angalia Hyphenation na uchague None. Kazi ya Kiswahili ikiwa imewekewa lugha ya Kiingereza, programu itakata maneno kwa kanuni za Kiingereza, na neno kama "wanaoshughulikia" litavunjwa mahali ambapo hakuna Mswahili anayepumulia.

Hatua ya 3: Acha mstari ujikate

Fanya zoezi hili, ni fupi. Fungua ukurasa mpya utaipu aya ifuatayo bila kugusa Enta mpaka neno la mwisho:

Meli ya MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikaletwa hadi Kigoma, ikaundwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba.

Chagua aya yote, badilisha ukubwa wa herufi kutoka 12 hadi 16. Mistari imejipanga upya, hakuna kilichoharibika. Rudisha 12. Sasa piga Enta mwishoni mwa kila mstari unaouona kwenye skrini, kama wengi wanavyofanya, kisha peleka tena 16. Tazama: mstari mrefu, neno moja peke yake, mstari mrefu, maneno mawili peke yake. Hivyo ndivyo faili lako linavyokuwa likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti yako.

Makosa matatu ya kuepuka hapa:

Usikate neno kwa kistari cha kawaida ili litoshe mstari. Siku maneno yakihama, utabaki na "wanaoshu-ghulikia" katikati ya mstari, na msimamizi wa utafiti atalizungushia kalamu nyekundu. Ukilazimika kukata neno refu, weka kursa mwisho wa silabi na ubonyeze Ctrl pamoja na kistari. Kistari hicho hujitokeza tu neno likiangukia ukingoni. Likirudi katikati kinajificha. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwenye irabu, hivyo hutababaika: wa-na-o-shu-ghu-li-ki-a.

Usiweke spesi kabla ya koma au nukta. "Kigoma , Tabora" ni kuiambia programu kwamba inaweza kukata kabla ya koma, na ipo siku koma itaanza mstari peke yake. Mabano nayo ni hivyo hivyo, yashike neno moja kwa moja.

Na baada ya nukta, spesi moja inatosha. Mbili ni urithi wa taipureta.

Hatua ya 4: Nafasi kati ya aya

Swali la kila siku: "Nikitaka nafasi kati ya aya, si napiga Enta mbili?" Hapana. Weka kursa ndani ya aya, fungua dirisha la Paragraph (bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, utaliona), kisha kwenye Spacing weka After pointi 6 au 8. Toleo la Word la 2013 na yaliyofuata huja na pointi 8 tayari, kwa hiyo ukiongeza Enta juu yake unapata pengo maradufu.

Faida yake utaiona ukurasa ukigeuka. Enta tupu inaweza kuangukia juu ya ukurasa mpya na kuacha pengo la ajabu pale. Nafasi iliyowekwa kwenye Paragraph haina Enta ya kuhama, na ukitaka kuipunguza unabadilisha mara moja kwa aya zote.

Kuhusu kunyoosha pande zote mbili: Ctrl na J hunyoosha kushoto na kulia, Ctrl na L hunyoosha kushoto tu. Kwa tafiti fuata chuo. Kwa barua fupi, matangazo na safu nyembamba za vipeperushi, mimi nashauri kushoto tu, hata kama mteja anaona kwamba kunyoosha kote ndiyo kunapendeza. Kiswahili kina maneno marefu. Neno kama "tutakapowakabidhi" likikosa nafasi linashuka zima zima, na yaliyobaki juu yanavutwa mpaka gari lipite katikati yake.

Hatua ya 5: Anuani ya mwandishi upande wa kulia

Hapa ndipo spesi nyingi zinapotumika vibaya kuliko popote. Barua ya kuomba kazi inataka anuani yako juu kulia, mistari yake ikianzia mahali pamoja. Fanya hivi:

1. Taipu anuani upande wa kushoto kama kawaida. Baada ya jina bonyeza Shift na Enta, baada ya S.L.P. Shift na Enta, baada ya Kigoma Shift na Enta, kisha tarehe. Mwisho wa tarehe ndipo upige Enta ya kweli.
2. Hakikisha kwenye alama unaona ↵ mistari yote isipokuwa wa mwisho wenye ¶. Maana yake anuani nzima ni aya moja.
3. Weka kursa popote ndani yake, fungua Paragraph, na kwenye Indentation, sehemu ya Left, andika 10 cm. Hata kama kompyuta inapima kwa inchi, ukiandika "cm" itaelewa.
4. Bonyeza Ctrl na L.

Anuani yote imehama pamoja na imesimama wima. Kwenye ule upana wa 15.92 umetumia 10, zimebaki sentimita 5.92, zinazotosha majina mengi. Kama jina lako lina ukoo mzima ndani yake, weka 9 au 8.

Onyo: usitumie Ctrl na R ukadhani umemaliza. Hiyo inasukuma kila mstari uguse ukingo wa kulia, hivyo kila mmoja unaanzia pake. Na usisahau namba 4 hapo juu. Aya ikiwa imenyooshwa pande zote, mistari inayoishia na ↵ inaweza kuvutwa mpaka ijae, na utapata "S.L.P." huku na namba yake kule.

Kichwa cha barua, yaani YAH: MAOMBI YA KAZI YA UDEREVA, kiweke katikati kwa Ctrl na E. Spesi hazihusiki.

Hatua ya 6: Nukta za saini na orodha za bei

Muhtasari wa kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa, mkataba wa pango, fomu ya mdhamini: vyote vinaishia na mahali pa saini. Watu wanashikilia kitufe cha nukta mpaka mstari ujae, wanafuta mbili, wanaongeza moja, na bado za Mwenyekiti na za Katibu hazilingani. Acha Tab ifanye.

1. Weka kursa kwenye mstari wa saini. Fungua Paragraph, kisha bonyeza Tabs chini kushoto.
2. Andika 7 cm, Alignment iwe Left, Leader chagua 2 (nukta). Bonyeza Set.
3. Andika 8.5 cm, Left, Leader 1 (hakuna). Set.
4. Andika 15.9 cm, Right, Leader 2. Set, kisha OK.
5. Taipu "Mwenyekiti:", bonyeza Tab. Nukta zimetokea zenyewe. Bonyeza Tab tena, taipu "Katibu:", bonyeza Tab ya mwisho.

Piga Enta na mstari unaofuata utakuja na mpangilio uleule, kwa hiyo taipu "Tarehe:" na urudie. Nukta zitaishia pamoja hata kama "Mwenyekiti" ni refu kuliko "Tarehe".

Orodha ya bei ni rahisi zaidi: kituo kimoja tu cha Tab, 15.9 cm, Right, Leader 2. Taipu "Migebuka", Tab, bei. "Mawese, dumu la lita 20", Tab, bei. Elfu itakuwa chini ya elfu na mia chini ya mia. Orodha ikiwa na safu zaidi ya tatu achana na Tab, ingiza jedwali.

Hatua ya 7: Funga maneno yasiyotakiwa kuachana

Rudi kwenye aya ya meli. Punguza au ongeza ukubwa wa herufi mpaka "MV" ibaki mwisho wa mstari na "Liemba" ishuke. Haipendezi, na kwenye hati rasmi inaweza hata kuleta mashaka: "Sh" juu, "50,000" chini.

Futa spesi iliyo kati ya maneno hayo mawili, kisha bonyeza Ctrl, Shift na spesi kwa pamoja. Ni hivyo hivyo kwenye LibreOffice. Utaona kile kiduara °. Kuanzia sasa maneno hayo yanakwenda pamoja, au yote juu au yote chini.

Zinazostahili kufungwa: kiasi cha fedha na alama yake (Sh 50,000), kipimo (km 12, lita 20), cheo na jina (Dkt., Mhe., Mwl.), S.L.P. na namba, "uk." na namba ya ukurasa, kifungu na namba yake, siku na mwezi. Usifunge sentensi nzima. Hapo umeinyima programu ruhusa ya kukata na itakulipa kwa mapengo. Namba zenye kistari, mfano za nyumba au za kumbukumbu, tumia Ctrl, Shift na kistari, nazo hazitavunjika.

Hatua ya 8: Ukurasa mpya

SURA YA PILI ianze ukurasa mpya: Ctrl na Enta. Basi. Ukiisukuma kwa Enta kumi na tatu, kila aya utakayoongeza Sura ya Kwanza itaisogeza chini, na vichwa vya sura vitaelea katikati ya kurasa.

Kwa utafiti mrefu kuna njia bora. Tumia Heading 1 (iko kwenye Styles, menyu ya Home) kwa vichwa vya sura, bonyeza jina hilo kwa kitufe cha kulia, Modify, Format, Paragraph, kisha kwenye Line and Page Breaks weka tiki kwenye Page break before. Kila sura itaanza ukurasa wake bila wewe kukumbuka. Kwenye ukurasa huo huo wa dirisha kuna Keep with next, inayozuia kichwa kidogo kibaki chini ya ukurasa huku aya yake ikiwa imevuka, na Widow/Orphan control, inayozuia mstari mmoja wa aya kuachwa peke yake juu au chini. Zote mbili ziache zimewaka.

Hatua ya 9: Kusafisha maandishi yaliyonakiliwa

Umenakili kutoka kwenye PDF, ukabandika, na kila mstari una ¶ mwishoni. Usizifute moja moja. Fungua Ctrl na H, kisha fuata mpangilio huu bila kuruka. Chagua kwanza sehemu uliyobandika tu, ili usiharibu zingine, na programu ikikuuliza kama iendelee na sehemu iliyobaki ya faili, kataa.

1. Find what: spesi moja ikifuatwa na ^p (hivyo ndivyo Word inavyoiandika ile ¶). Replace with: ^p. Inaondoa spesi zilizojificha mwisho wa mistari. Rudia mpaka ikuambie sifuri. Zikibaki, hatua inayofuata haitaona mistari mitupu.
2. Find what: ^p^p. Replace with: @@@. Hapa unaweka alama kwenye mipaka ya kweli ya aya.
3. Find what: -^p. Replace with: acha tupu. Hii usibonyeze Replace All. Nenda moja moja, kwa sababu "wana-" na "chama" zinatakiwa kuungana, lakini kistari cha "Kigoma-Ujiji" kina kazi yake.
4. Find what: ^p. Replace with: spesi moja. Replace All.
5. Find what: @@@. Replace with: ^p. Replace All.
6. Find what: spesi mbili. Replace with: spesi moja. Rudia mpaka ikuambie sifuri.

Kama PDF haikuwa na mstari mtupu kati ya aya, namba 2 haitapata kitu. Pitia mwenyewe ukiweka @@@ mwanzoni mwa kila aya, kisha endelea na namba 3. Ukikosea popote, Ctrl na Z inakurudisha.

Yaliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti mara nyingi huja na ↵. Kwenye Word inaitwa ^l (herufi L ndogo, si namba moja). Ibadilishe kuwa ^p. Kwenye LibreOffice washa Regular expressions: \n upande wa kutafuta ni ↵ na upande wa kubadilisha ni mwisho wa aya, \t ni Tab, na ^$ hupata aya tupu. Kwa kazi ya PDF, lakini, Word ndiyo nyepesi.

Wachache wanaotumia LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi kwa amri za kutaipu, hasa wa hisabati na fizikia, shida hizi nyingi hawazijui. Kule spesi kumi ni sawa na moja, mstari mtupu ndio mwisho wa aya, na alama ~ ndiyo spesi isiyokatika. Ila hata huko kuna wanaomaliza kila aya kwa \\ halafu wanashangaa.

Hatua ya 10: Toa PDF kabla ya kutoka nyumbani

Save As, chagua PDF. Mistari ikishaingia kwenye PDF haikatiki upya, popote litakapofunguliwa. Weka kwenye flashi mafaili yote mawili: PDF la kuprinti, na la Word kwa ajili ya koma utakayoiona ukiwa tayari kaunta.

Ikikwama

*Mstari mmoja una mapengo makubwa.* Washa alama. Ukiona ↵ mwisho wake, ibadilishe iwe Enta au rudisha aya kwa Ctrl na L. Ukiona ° kila mahali, maandishi yalitoka kwenye tovuti: chagua sehemu hiyo, Ctrl na H, badilisha ^s (ndiyo ile °) kuwa spesi, kisha rudia Hatua ya 7 panapohitajika. Kama mstari unaofuata una kiungo kirefu cha intaneti, chenyewe ndicho kimeshindwa kukatika. Kwenye Word nenda Insert, Symbol, More Symbols, Special Characters, uchague No-Width Optional Break na uiweke baada ya mkwaju mmojawapo. Kiungo kitakatika hapo bila kuongezewa kistari.

*Ukurasa mtupu mwishoni haufutiki.* Faili likiishia na jedwali, Word huweka ¶ moja baada yake ambayo haiondoki. Ichague, ipe ukubwa wa herufi 1, na kwenye Paragraph weka Before na After sifuri. Ukurasa utapotea. Kama hakuna jedwali, ni Enta tupu au Ctrl na Enta iliyosahaulika. Sasa unaziona, futa.

*Ukurasa mtupu katikati.* Umeweka Page break before kwenye Heading 1 na bado ukapiga Ctrl na Enta. Ondoa ya pili.

*Picha inaonekana kipande chembamba tu.* Line spacing ya aya hiyo imewekwa Exactly. Ipeleke Single.

*After nimeweka sifuri, pengo bado lipo.* Angalia Before ya aya inayofuata. Halafu tafuta ¶ tupu iliyojibana katikati.

*Kwenye jedwali nikibonyeza Tab inaruka kisanduku kingine.* Ndivyo ilivyo. Bonyeza Ctrl na Tab.

*Kurasa zimeongezeka kwenye kompyuta ya steshenari.* Hakikisha ni A4, kisha angalia fonti. Kompyuta isiyo na Calibri huweka nyingine. LibreOffice huweka Carlito badala ya Calibri na Liberation Serif badala ya Times New Roman, ambazo zina upana uleule wa herufi, hivyo hapo madhara ni madogo. Ikiwekwa fonti nyingine yoyote, mistari yote inapangwa upya. Printi lile PDF.